Viondo Vilivyoingia Ndani ya Mashine

Mwezi uliopita nilikwenda Theta kumzika Injinia Ndirangu, na sikwenda kwa huzuni. Nilifunga kitambaa changu cha kanisani, mjukuu wangu Wambui akanipaka mafuta miguuni, nikaketi chini ya hema katika safu ya pili, mahali ambapo msomaji wa wasifu wa marehemu hangeweza kuukwepa uso wangu. Msomaji alikuwa mwanawe wa kwanza. Alisoma kwamba baba yake alizaliwa, akasomeshwa, akaoa, kisha akafika mahali nilipokuwa nikimsubiri afike: kwamba mwaka wa tisini na sita, akiwa kijana katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda la Thika, marehemu alibuni kwa akili yake mwenyewe njia ya kuhesabu kumbukumbu ya kompyuta iliyoifanya mashine nzito kuwa nyepesi. Watu wakapiga makofi ya heshima. Mikono yangu ilibaki mapajani. Njia hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeitumia kugawa bobini dirishani kabla yeye hajakanyaga kiwanda kile. Nilimwonyesha kwa mkono wangu huu. Akaichukua, kisha akanigeuka. Tangu siku hiyo nilimtaka kitu kimoja tu, aseme mbele ya watu kwamba aliipata kwangu. Amekufa bila kusema.

Anayeandika maneno haya ni Wambui. Mimi sikuketi darasani hata siku moja, na sitamweleza msomaji sababu, wala sitamsimulia habari za wazazi wangu, maana hazikunisaidia wala kunizuia katika jambo hili. Wambui hufanya kazi ya kompyuta, na ndiye aliyenithibitishia mambo ambayo kwa miaka mingi niliyajua kwa sikio tu. Nimemwamuru aandike ninavyosema, asilainishe. Tayari amenyanyua kichwa mara mbili akaniuliza, “Shosho, hii si kali sana?” Nami nimemjibu mara mbili, “Andika.”

Kiwanda kilifuma mablanketi. Stoo yangu ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyopasuka na harufu ya mafuta ya mashine, na katika ukuta mmoja palikatwa dirisha dogo lenye ubao wa kuegemea viwiko. Nyuma yangu zilipangwa rafu, na juu ya rafu bobini mia sita, vile vigongo vya mbao vinavyozungushiwa uzi. Bobini haiishi kwa kutumika. Inatoka tupu, inajazwa uzi, uzi unafumwa ukaisha, nayo inarudi tupu ili ichukuliwe na mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba zinazotoka hazizidi zilizopo. Kwa kuwa sikujua kuandika, nilihesabu kwa njahi, zile mbegu nyeusi tunazopikia wanawake waliojifungua. Nilikuwa na makopo mawili ya bati, moja la bobini zilizo ndani na moja la zilizotoka. Bobini moja ikitoka, njahi moja ilihama. Ikirudi, njahi ilirudi. Hesabu yangu haikukosea hata siku moja, lakini ilikuwa ya polepole mno. Mashine za kufumia zilikuwa thelathini, na kila mfumaji alikuja dirishani kwa kila bobini, kuichukua na kuirudisha. Foleni ilifika hadi mlango wa choo.

“Wewe Njoki, umekuja kuchukua bobini ama kuolewa na dirisha?” mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

“Si mimi! Ni huyu Mama wa Dirisha, anahesabu njahi kama anayetaka kuzipika!”

Walicheka, nami nikachukia, kwa sababu ilikuwa kweli. Usiku huo nilifikiri hadi usingizi ukanikimbia, na wiki hiyo hiyo nilikuja na viondo thelathini, vikapu vya kusukwa kwa katani, nilivyoazima na kununua katika soko la Ruiru. Kila mashine nikaipa kiondo chake chenye bobini kumi na sita, na njahi kumi na sita zikahama kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo mfumaji alichukua katika kiondo chake mwenyewe na kurudisha humo humo, bila kunijia. Alinijia kiondo kikiwa kitupu tu, nami nikampa kumi na sita nyingine. Dirisha langu likanyamaza. Wafumaji walizoea kunipungia mkono kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza katika stoo ile niliinywa chai yangu ikiwa moto.

Lakini njia hiyo ina ugonjwa wake, na aliyeizaa ndiye anayeujua. Mashine ikiharibika, kiondo chake kinakaa na bobini ambazo hakuna anayezitumia. Mfumaji aliyekuwa na kazi nyingi jana anazo za ziada leo. Hesabu inasema zimetoka, na kweli zimetoka, lakini zimelala. Siku moja rafu inakauka, anayekuja na kiondo kitupu anaambiwa hakuna, ilhali bobini mia mbili zinalala chini ya viti vya wenzake. Kwa hiyo rafu ya chini niliipaka rangi nyekundu. Bobini zikishuka hadi kwenye rafu hiyo, nilisubiri kengele ya chakula cha mchana, mashine zote zikizimwa, nikachukua gunia na kupita kiondo kwa kiondo. Katika kila kimoja niliacha nne ili asiwepo wa kulala njaa, na zilizozidi nikazirudisha rafuni, njahi zikirudi nyumbani kwao. Wanawake waliiita kukamua. “Ficheni maziwa, Mama wa Dirisha anakuja kukamua!” walipiga kelele, midomo imejaa githeri. Kugawa kwa viondo kulikuwa nusu ya njia yangu. Kukamua kulikuwa nusu ya pili, na bila hiyo, ya kwanza ni mtego.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa tisini na sita, chumba kilichopakana na stoo kilitengwa kwa ukuta wa mbao nyembamba, ikaletwa kompyuta kubwa, na pamoja nayo kijana mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye kila mtu alimwita Injinia. Skrini ndogo ziliwekwa katika kila ukumbi, kwenye mizani, getini na ofisini, zote zikiunganishwa kwa waya na mashine ile kubwa. Kila skrini ilipotaka kusema na mashine, mlango wake wa mazungumzo ulifunguliwa ndani ya mashine hiyo. Wambui ananiambia mlango huo huitwa soketi. Mimi niliujua kwa jina la mlango, kwa sababu Injinia mwenyewe alilitumia alipomweleza meneja, na ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Mashine ilikuwa nzito. Skrini ya mizani ilifikiri muda mrefu kiasi kwamba mwenye kupima alikwenda kukojoa akarudi akaikuta bado inafikiri. Injinia alishinda kwenye simu akimpigia kelele mwenzake aliyekuwa Nairobi.

“Sikiza, mzee! Kiini cha mfumo kinahesabu kila kipande! Ujumbe ukiingia kwa soketi, kinaandika kwa hesabu ya jumla kwamba soketi fulani imechukua kumbukumbu kiasi hiki. Ukitoka, kinaandika tena. Na hii mashine iko na bongo mbili, moja ikiandika hiyo nyingine inangoja.” Akasikiliza jibu la Nairobi. “Lazima kihesabu! Kisipohesabu, soketi moja inaweza kumeza kumbukumbu yote na mashine ife. Msimbo ninao wote, hakuna mtu wa kunizuia kuubadilisha. Shida ni nibadilishe nini!”

Nilielewa jambo zima isipokuwa maneno. Mali moja yenye kikomo, wachukuaji wengi, hesabu moja, na wote wanasukumana mbele yake. Niliisikia foleni yangu ya zamani ikipiga kelele nyuma ya ukuta. Niliendelea kuhesabu njahi zangu, kwani hakuna aliyeniuliza.

Siku chache baadaye alitokea dirishani na kikombe kitupu.

“Hujambo, Mama?”

“Sijambo, mwanangu.”

“Nimekaa hapa karibu mwezi, Mama. Wafumaji wako ni wengi kuliko skrini zangu. Mbona kwako hakuna foleni na kwangu ni vita?”

Nilimfungulia mlango wa stoo, jambo ambalo sikumfanyia mtu mwingine. Nilimketisha juu ya gunia, nikamgawia mukimo wangu kwenye kifuniko cha bakuli, na nikamwonyesha njahi, makopo na viondo. Nilimpeleka hadi kwa Njoki, tukasimama tukimtazama anavyochukua na kurudisha katika kiondo chake bila kuinua macho kuelekea dirishani. Injinia aliacha kutafuna. Alitoa karatasi akaandika haraka haraka.

“Kwa hivyo hesabu ya jumla unaigusa mara moja tu kwa kumi na sita.”

“Mara moja.”

“Ngai! Mama, wewe ni mkali.”

Alikimbia na kifuniko cha bakuli langu mkononi. Nusu ya pili ningemwonyesha saa ya chakula, maana haikuonekana saa nyingine, lakini saa hiyo yeye alikuwa akila hotelini mjini, pamoja na watu wa ofisi. Nilidhani atarudi kuuliza. Kwa kazi yoyote niliyowahi kufunzwa, niliwekwa kuitazama siku nzima, tangu asubuhi hadi jioni, kabla sijaruhusiwa kusema nimeijua. Yeye alitazama robo saa akaona inatosha. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo ni msomi tu angeweza kulifanya.

Haukupita muda skrini zikawa nyepesi. Nilisikia kupitia ukutani meneja akimpongeza, nikasikia na jibu lake. “Ilinijia tu, mkubwa, nikiwa naoga. Kila soketi naipatia akiba yake mwenyewe.” Nikasimama na kopo mkononi nikingoja aongeze neno. Aliongeza habari za ripoti aliyoituma makao makuu, yenye jina lake juu.

Hilo pengine ningelisamehe. La pili sikulisamehe. Meneja alikuja kukagua stoo akiwa na karani, na Injinia akawafuata kwa sababu mlango wake ulikuwa karibu. Walihesabu zilizo rafuni, wakahesabu zilizo mashinini, wakakuta bobini mia mbili hazipo popote.

“Mama, ziko wapi?” akauliza meneja.

“Ziko katika viondo, bwana, chini ya viti. Ni akiba ya wafumaji.”

Alimtuma karani, naye akarudi na viondo viwili vimejaa. Uso wa meneja ukabadilika.

“Kwa hivyo wanaficha mali ya kiwanda na wewe unajua?”

“Hakuna kilichofichwa. Kila moja ina njahi yake hapa. Mwulize Injinia. Nilimwonyesha utaratibu huu wa viondo.”

Wafumaji walikuwa wamekwisha kukusanyika, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia. Meneja alimgeukia kijana yule. Nilimtazama machoni, nikaona kabisa alivyopima. Angesema ndiyo, angeniokoa, lakini meneja angeviona viondo na kuikumbuka ile ripoti.

“Mimi sijaona utaratibu wowote, mkubwa,” alisema. “Huwa namuona tu akicheza na maharagwe.” Kisha, ili watu wacheke na jambo liishe, akaliinua kopo langu akalipindua. Njahi zilitawanyika sakafuni, zikaingia katika nyufa za saruji. Watu walicheka. Nilipiga magoti nikaziokota moja moja, na viatu vyake vilikuwa mbele ya uso wangu, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri. Sijavisahau. Nikikutana na viatu vya namna hiyo hata leo mlangoni mwa kanisa, sala yangu inakatika.

Nilipewa ufagio. Dirisha akapewa Njoki, viondo vikatupwa nyuma ya karakana, na foleni ikarudi hadi mlango wa choo. Jioni hiyo niliketi getini kwenye benchi la Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu aliyewapikia nusu ya wafanyakazi wa barabara ile, na ambaye alikuwa rafiki yangu kuliko wengi niliosali nao.

“Gathoni, meza chapati kwanza, ulie baadaye,” aliniambia.

“Silii.”

“Basi meza chapati, umlaani baadaye. Wallahi ukimlaani na tumbo tupu utakosea jina.”

Nilicheka, na katika kicheko hicho nikafanya uamuzi wangu. Nilimwambia Mama Zuhura kwamba yule kijana alikuwa ameiba nusu ya kitu, na kwamba ningemwacha abaki na nusu hiyo.

Njia ya kufagia ilipita mlangoni mwake, na huko ndiko nilikowekwa na Mungu mwenyewe, maana nilisikia sasa bila ukuta. Alimweleza mwenzake kwenye simu kwa majivuno: soketi inachukua kumbukumbu kwa fungu, ikimaliza kutumia inairudisha katika akiba yake yenyewe, haigusi hesabu ya jumla. Nilifagia mahali pamoja muda mrefu nikisubiri kusikia lini akiba inarudishwa rafuni. Sikusikia. Mashine ile iligawa viondo, lakini haikuwa na mwanamke wa kupita na gunia. Kila mlango uliowahi kuwa na kazi nyingi ungekaa na fungu lake hata kazi ikiisha, nayo hesabu ya jumla ingedhani kumbukumbu yote inatumika. Sasa milango ilikuwa michache na rafu ilikuwa bado imejaa. Nikajua yatakayotokea siku milango itakapokuwa mingi.

Ili roho yangu isije ikanishtaki, nilimpa nafasi moja. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeegemea ufagio.

“Injinia, na zile zinazobaki bila kazi, zinakwenda wapi?”

Hakuinua kichwa. “Mama, fagia.”

Nikafagia.

Wageni kutoka makao makuu walitangazwa, na ilijulikana kiwanda kizima kwamba wakipendezwa, Injinia atapelekwa Nairobi kusimamia mashine za viwanda vyote. Skrini ziliongezwa maradufu: kwa wapaka rangi, kwa wapakizi, hata jikoni. Siku yenyewe asubuhi mambo yalikwenda vizuri, kila mtu akibonyeza ili wageni waone. Ilipofika saa nne, wapakizi walijaribu kufungua skrini yao ikakataa. Halafu ya mizani ikakataa. Injinia alizima mashine akaiwasha. Ikaamka, ikafanya kazi kwa muda wa kunywa chai, ikakataa tena. Nilikuwa katika ujia na ufagio wangu nilipomsikia akisema na nafsi yake kwa sauti, “Inasema kumbukumbu imeisha! Imeishaje? Nusu ya soketi zimelala!” Ndipo alipogeuka akaniona. Wambui anasema mtu anaweza kuelewa jambo kwa uso kabla hajalielewa kwa kichwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuja mbio hadi akasimama mbele yangu, jasho limelowesha kola.

“Mama. Stoo ikikauka, ulikuwa unafanya nini?”

Meneja alikuwa hatua tano nyuma yake, pamoja na wageni wawili waliovaa suti.

“Nitakwambia,” nilisema, bila kuipunguza sauti. “Kwanza mwambie meneja ni nani alikuonyesha viondo.”

Alimtazama meneja, akawatazama wageni. Alifungua kinywa. Nilingoja, na nakiri kwamba katika muda ule mfupi nilimwombea aseme, kwa sababu nilikuwa na jibu tayari ulimini, na lilikuwa jibu zuri. Akafunga kinywa.

“Tafadhali, Mama,” alinong’ona.

“Mimi sijasoma, mwanangu. Mimi hucheza na maharagwe.”

Nilirudi kufagia. Kabla ya adhuhuri mizani ilikuwa imekufa kabisa, wafumaji na wapakizi wote wakarudishwa nyumbani, wageni wakaondoka bila kula. Hapo sitajitakasa. Getini nilimkuta Mama Zuhura amesimama mbele ya sufuria mbili za pilau alizopika kwa ajili ya siku ile kubwa, na barabara ilikuwa tupu.

“Ungeweza kuitengeneza?” aliniuliza. Njoki alikuwa amekwisha kumsimulia.

“Ningeweza kumwambia.”

“Kwa hivyo umemchoma yeye na moshi ukaja kwangu.” Alichukua mwiko akaanza kuipakua pilau kwenye mifuko ya nailoni, kwa hasira, apeleke msikitini. Nilimshikia mifuko hadi sufuria zikaisha, na wiki mbili nzima nilikuja alfajiri kumtekea maji kabla ya kazi, hadi akaanza tena kunitania. Kwake nilitubu. Kwa Injinia sikutubu.

Jumapili iliyofuata alinifuata Kiuu, katika chumba changu cha mabati, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Niliishi humo na kitanda, meza moja na jiko la makaa, na juu ya rafu lilikaa lile kopo, na njahi ndani yake. Aliliona mara tu alipoketi, kisha hakuliangalia tena. Sikumfukuza, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Nilimpakulia mukimo na kitoweo cha minji, akala kama mtu ambaye hajala tangu siku ile.

“Wamenipa hadi mwisho wa mwezi, Mama,” alisema. “Nimejaribu kila kitu. Nikiondoa akiba, mashine inakuwa nzito kama zamani. Nikiiacha, inakufa. Nisaidie.”

“Kesho saa ya chakula, simama uwanjani, mbele ya meneja na wafumaji. Sema, ‘Njia ile ilikuwa ya Gathoni wa dirishani.’ Basi. Ukimaliza nitakuonyesha kilichobaki, na utacheka jinsi kilivyo kidogo.”

Aliacha kula. “Gathoni ndiyo jina lako?”

“Hukuwahi kuuliza.”

“Siwezi, Mama. Nimeshaandika kwamba ni yangu. Wataniita mwizi. Watanicheka.”

“Mimi walinicheka.”

“Mama, mimi ni injinia.”

“Basi kula umalize,” nilimwambia.

Alikula akamaliza, akashukuru, akaenda. Mwisho wa mwezi alifungasha kalamu zake, na mashine ikafunikwa kwa turubai. Foleni ya Njoki iliendelea kuchelewesha ufumaji hadi meneja, bila kunitazama usoni, akaniita nirudi dirishani “kwa muda,” nao muda huo ukawa miaka kumi na mmoja. Nilivitoa viondo nyuma ya karakana nikavikung’uta vumbi. Kwa hiyo dirisha nilirudishiwa. Jina sikurudishiwa. Baadaye nilisikia kwamba amepata kazi nyingine Nairobi, kwamba amepanda, kwamba amejenga Theta. Bila shaka nusu ya pili alikuja akaipata kwa njia nyingine, maana si siri ya mbinguni. Wambui ananiambia kwamba leo viini vya mifumo ya dunia nzima huipa kila soketi akiba yake, na huikamua, rafu inapofika kwenye rangi nyekundu. Ananiambia pia kwamba wengi waliifikia wao wenyewe, mbali na hapa, na wala hawakuiba kwa mtu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mmoja, aliyekula mukimo wangu mara mbili.

Jana Wambui aliweka kalamu chini akasema, “Shosho, lakini hata wewe ni kama kile kiondo. Umekaa na kitu miaka hii yote bila kukitumia.” Nilimwambia aandike nilichosema, asiandike alichofikiri. Ameandika vyote viwili, nami nimeviacha.

Sasa narudi chini ya hema. Baada ya wasifu, mwendesha shughuli aliuliza kama yupo mtu aliyefanya kazi na marehemu Thika, aseme maneno mawili. Nilisimama. Wambui alinishika sketi, nikautoa mkono wake. Nilipewa kipaza sauti, nikalitazama jeneza, si watu.

“Mimi nilikuwa dirishani,” nilisema. “Marehemu alikuwa na sentensi moja ya kusema mbele ya watu, akakosa nguvu. Nimekuja kumsaidia. Njia ile ilikuwa ya Gathoni wa dirishani. Sasa imesemwa. Mzikeni.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mjane aliinamisha kichwa, na kwa jinsi alivyokiinamisha nilijua kwamba haikuwa habari mpya kwake. Kwa nyuma kabisa kikongwe mmoja alicheka peke yake, na nilipogeuka nikamtambua Njoki.

Tulipokuwa tukielekea kwenye chakula, mwana wa kwanza alinifuata. Ana urefu wa baba yake, naye pia ni mtu wa kompyuta. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kiu.

“Shosho, pole kwa yote. Nataka kuuliza tu. Hizo bobini zilizobaki kwenye viondo, rafu ikikauka, mlikuwa mnafanya nini?”

Ilikuwa sauti ile ile na swali lile lile. Nilitazama chini, na alikuwa amevaa viatu vyeusi, vimepakwa rangi vizuri.

“Mimi sijasoma, mwanangu,” nilimjibu, nikaenda kupanga foleni ya chakula.

Njiani kurudi Wambui alininunia. “Aki Shosho, si ungemwambia tu? Yeye amekukosea nini?”

Hajanikosea. Ndiyo sababu nimelipatia jibu lake nafasi katika kurasa hizi, lote, pamoja na rangi nyekundu, gunia, na zile nne zinazobaki katika kila kiondo. Akilitaka atalisoma. Lakini hatalipata bila kupita kwanza kwenye jina langu, na ili nisiache shaka, nimemwambia Wambui anipe kalamu. Jina hilo pekee, katika kitabu hiki chote, nimeliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, jinsi alivyonifundisha asubuhi hii:

Gathoni.